Vitenzi vikaidi vya Kihispania wakati uliopita: kwa nini "fui" ni nilikwenda na pia ni nilikuwa?

#1 Mpagazi_wa_Machame
Habari zenu wakuu. Nimebeba mizigo mlimani miaka sita, sasa nasomea kuongoza wageni. Hapa Arusha Kiingereza kila mtu anacho, kwa hiyo nimechagua Kihispania ili nami niwe na changu.

Miezi minne ya mwanzo niliteleza tu. Irabu ni zetu zilezile tano, neno unalisoma kama lilivyoandikwa. Halafu tukaingia wakati uliopita. Hablar (kuongea) inakuwa hablé, comer (kula) inakuwa comí, sawa, nimekubali. Mara tener (kuwa na kitu) inakuwa tuve, hacer (kufanya) hice, decir (kusema) dije, poner (kuweka) puse, venir (kuja) vine, traer (kuleta) traje. Na juu ya yote, ser (kuwa) na ir (kwenda) zote ni fui! "Fui guía", nilikuwa kiongozi. "Fui a Moshi", nilikwenda Moshi. Wanajuaje?

Kwetu ukishaweka -li- umemaliza kazi: nilikuja, nilileta, nilisema. Mimi naona vitenzi hivi havina kanuni yoyote, ni vya kukariri kimoja kimoja kama namba za simu. Aliyevishinda aje aseme alivishindaje.

#2 BintiKisauni
Kanuni ipo ndugu yangu, ila hujaonyeshwa. Usivishike kimoja kimoja, vishike kwa familia.

Familia ya U: tuve, estuve, anduve, pude, puse, supe, cupe, hube. Familia ya I: hice, vine, quise. Familia ya J: dije, traje, conduje, na vyote vinavyoishia na -ducir, kama traduje na produje. Viishio ni vilevile kwa wote: -e, -iste, -o, -imos, -isteis, -ieron. Ukaidi uko kwenye mzizi tu. Familia ya J ndiyo inayoangusha i pale mwisho: dijeron, wala si dijieron. Na "hizo" yao (alifanya) inaandikwa kwa z kwa sababu ukiandika hico itasomeka "iko".

Mie niliviandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, mlango uko mbele yangu. Kila mkuno neno moja: tuve, tuviste, tuvo, tuvimos. Kufika nazi ya tatu, kitenzi kishaingia. Hata leo nikisikia "tuvimos" nasikia na harufu ya nazi.

#3 Mwalimu_wa_Sarufi
Mleta uzi, naomba nikurekebishe hapo kwenye "-li- umemaliza kazi". Hujamaliza.

Kitenzi cha kula: nilikula, nimekula, nitakula. Ku- ipo. Sasa sema kwa -ki-: nikila. Kwa -ka-: nikala. Ku- imekwenda wapi? Amri ya kuja ni njoo, na sijasikia mtu akimwambia mwenzake "ja". Kwenda inakuwa nenda. Na mtoto anayeanza kusema husema "nilila" mpaka arekebishwe. Ukaidi tunao, sema sisi tumezaliwa nao ndani.

Sababu ya ku- kubaki inapendeza. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye "nilila" mkazo ungeangukia -li-, na -li- haibebi mkazo. Basi ku- inabaki ili ipokee mzigo. -Ki- na -ka- zinaweza kubeba, ndiyo maana hapo ku- haihitajiki. Usisahau hili, maana nadhani ndiko huu uzi utakakofika.

#4 Mpagazi_wa_Machame
Mwalimu, nimekula miaka yote hii sijawahi kujiuliza hilo. Asante. Dada wa Kisauni, zile familia nimezinakili daftarini. Lakini fui bado hamjanijibu.

#5 Mlezi_wa_Bibi
Nipo Madrid mwaka wa tano, naangalia bibi wa miaka 91. Siku moja nilitoka naye kidogo bustanini, tuliporudi nikamwambia binti yake kwa simu "andé con ella media hora", yaani nilitembea naye nusu saa. Bibi kiziwi wa kila kitu, lakini hilo alilisikia. Akainua kidole: "Anduve, hija. An-du-ve." Nikarudia mara tatu mbele yake.

Jumapili yake mjukuu akaja, kijana wa chuo kikuu, mzaliwa wa hapahapa, akasema "ayer andé mucho". Bibi akanitazama, mimi nikatazama sahani yangu. Kwa hiyo mleta uzi usife moyo. Andé na conducí utazisikia kwa wenyewe kabisa, na watoto wao wadogo wanasema "hací" badala ya hice. Kosa unalofanya wewe ndilo wanalofanya wao.

Ila kwa hapa Madrid, jambo la leo hatulisemi kwa tuve na hice. Asubuhi hii nimekunywa kahawa ni "he tomado café". Jana ndiyo "tomé". Karibu kabisa na -me- na -li- zetu.

#6 DktVijijini
Nakazia #5, lakini hilo ni la Madrid. Nilisomea Cuba, na kule hata jambo la dakika kumi zilizopita utasikia "comí", "llegué". Hata ndani ya Hispania yenyewe, watu wa Galicia na Asturias nao hutumia hiyo fupi kwa mambo ya leo. Mleta uzi, mgeni wako akitoka Meksiko, fupi inatosha.

Kilichonitesa mimi ni sikio. Wacuba wanaimeza s. Rafiki haniulizi "¿fuiste?" (ulikwenda?), anasema "¿fuite?". Mwezi wa kwanza nilidhani ni kitenzi kingine ambacho sijafundishwa.

#7 Barafu_Camp
Mdogo wangu Mpagazi, salama? Naongoza Wahispania mwaka wa kumi na moja huu. Nikwambie kitu ambacho hakuna mwalimu aliyeniambia: hivyo unavyoviita vikaidi ndivyo rahisi. Vigumu ni vile vya kawaida.

Safari yangu ya tatu tulikuwa kambi ya Barafu, Kilimanjaro, saa kumi na mbili jioni, upepo unapiga mahema. Mpishi alikuwa ameumwa kichwa cha urefu, nimemteremsha na mpagazi mmoja. Wageni wanne, wa Zaragoza, wananiuliza mpishi yuko wapi. Nikawajibu "Bajo a Mweka". Nilitaka kusema ameshuka. Mkazo nikauweka pale Mswahili anapouweka, silabi ya pili kutoka mwisho. Kumbe "bajó" ni alishuka, na "bajo" ni mimi nashuka! Kimya. Mama mmoja akaanza kufunga kamba za viatu vyake. Wamejua kiongozi anawaacha kwenye mita 4,600 saa sita kabla ya kupanda kileleni. Ilinichukua dakika kadhaa na mikono yote miwili kulirekebisha.

Sasa angalia: hablé, habló, comí, comió, bajó, mkazo wote mwishoni. Ulimi wetu hautaki. Halafu angalia HI-ce, TU-ve, DI-je, PU-se, VI-ne, HI-zo, TU-vo. Mkazo uko wapi? Palepale petu. Na hazina hata alama ya mkazo ya kuandika. Vikaidi vimekaa Kiswahili, ndugu. Vinakuja mdomoni vyenyewe.

#8 Mwalimu_wa_Sarufi
Nilisema nini #3? Mkazo. Nasi tuna jozi ile ya barabara: baraBAra unayopita, na baRAbara ya kusema sawasawa. Kwetu ni jozi moja ya kuonyeshea wanafunzi, kwao karibu kila kitenzi cha -ar kina jozi hiyo.

#9 BintiKisauni
Barafu, hoja yako nimeipenda ila haijakamilika. Hablaste, hablamos, hablaron, comieron, zote hizo mkazo ni wa pili kutoka mwisho na ni za kawaida. Tatizo lako ni nafsi mbili tu, mimi na yeye. Huwezi kusema vya kawaida vyote ni vigumu.

#10 Barafu_Camp
Mimi na yeye ndio ninaowasema mlimani siku nzima, dada. "Nilimwona, alipita, alifika, nilimpa maji." Hao wengine nawasema mara moja moja.

#11 Msafiri_Kigoma
Mnahangaika na maumbo. Umbo utalipata kwa mazoezi ya wiki tatu. Kazi ni kuchagua. Kihispania kina wakati uliopita wa aina mbili na mtu akikosea hapo anasema jambo lingine kabisa.

Comió ni alikula, akamaliza. Comía ni alikuwa akila, au alikuwa na kawaida ya kula. Hiyo ya pili ina vikaidi vitatu tu: era, iba, veía. Lakini tazama saber. Sabía ni nilikuwa najua. Supe ni nikapata habari, siku ile ndipo nilipojua. Conocía a Juan, nilikuwa namfahamu. Conocí a Juan, ndiyo siku tuliyokutana. Quería ni nilikuwa nataka. No quise ni nilikataa. Ukimwambia mwenye nyumba "no quise pagar" umemtangazia vita, kumbe ulitaka kusema hukuwa na nia hiyo.

#12 DktVijijini
Msafiri umegusa kazi yangu. Kuchukua historia ya mgonjwa ni hizo nyakati mbili tu. "Me dolía la barriga y de pronto vomité." Maumivu yalikuwa yakiendelea, kutapika kukatokea. Mgonjwa akiniambia "estuve con fiebre tres días" najua homa imekwisha na najua ilidumu siku ngapi. Akisema "estaba con fiebre cuando llegué" homa bado iko kwenye picha. Profesa wetu wodini alikuwa akinikatiza katikati ya ripoti: "¿Dolía o dolió?" Mpaka nilijibu ndipo tunaendelea na kitanda kinachofuata.

Lakini siafiki kwamba maumbo ni ya wiki tatu. Mimi nilikuwa nachagua sawa kisha kitenzi chenyewe hakitoki.

#13 Mjukuu_wa_Komredi
Hodi. Naomba kuuliza swali pembeni. Marehemu babu yangu alikuwa mmoja wa vijana wa Unguja waliopelekwa Cuba mwanzoni mwa miaka ya 60, na kimebaki kitabu chake cha sarufi, jalada limeliwa na mchwa. Mle ndani imeandikwa "fué", "dió", "vió", "fuí", zote na alama juu. Mwalimu wangu wa mtandaoni ananikata maksi nikiandika hivyo. Nani mkweli, babu au mwalimu?

#14 Mwalimu_wa_Sarufi
Wote wawili. Chuo cha Lugha cha Hispania kilibadilisha kanuni, na tangu 1959 maneno hayo ya silabi moja hayawekewi alama. Kitabu cha babu lazima kimechapwa kabla ya hapo, au mchapaji hakuwa na haraka ya kubadilika. Kitunze hicho kitabu, kiwekee dawa ya mchwa.

#15 Mjukuu_wa_Komredi
Ahsante sana Mwalimu. Leo hii nanunua.

#16 PadriMstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Nimesoma Kilatini seminarini, na hapo ndipo jibu lilipo. Dije ni dixi, hice ni feci, vine ni veni, pude ni potui, supe ni sapui, traje ni traxi, hube ni habui. Hawakuvunja kanuni yoyote, walirithi. Fui nayo ni fui ya Kilatini, wakati uliopita wa kuwa. Kitenzi cha kwenda chenyewe kimeshonwa kwa vipande vitatu: ir imetoka ire, voy imetoka vadere, na fui imeazimwa kwa kuwa.

#17 Mpagazi_wa_Machame
Baba, hilo ndilo nililokuwa nangoja. Lakini kwa nini waazime hapo? Maneno yaliwaishia?

#18 PadriMstaafu
Fikiria mtu anakuuliza, "Jana hukuonekana." Unamjibu, "Nilikuwa Moshi." Je, hukumwambia kwamba ulikwenda Moshi? Kuwa mahali kunabeba ndani yake kwenda mahali. Naamini walianzia hapo, kidogo kidogo, mpaka neno la kuwa likamiliki na safari. Na mtu hachanganyikiwi, maana baada ya fui ya safari kwa kawaida huja "a". Fui a Moshi. Fui guía.

#19 Msafiri_Kigoma
Baba kwa heshima zote, si vyote vimerithiwa. Tener kwa Kilatini ilikuwa tenui. Ukiifuata moja kwa moja hupati tuve. Tuve, estuve na anduve ziliiga hube, kwa kuwa hube ilikuwa mdomoni kila saa. Kwa hiyo familia ya U ya Binti Kisauni ina watoto wa kuzaa na wa kulea.

#20 PadriMstaafu
Nimesahihishwa, nashukuru mwanangu. Ni kweli, tuve ni ya kulea.

#21 BintiKisauni
Basi hapo ndo sababu yenyewe! Kinachosemwa kila saa hakibadiliki, na tena kinawavuta wenzake. Kihispania cha zamani kilikuwa na vikaidi zaidi: prender ilikuwa prise, vivir ilikuwa visque. Leo ni prendí na viví. Vilivyobaki ni vile ambavyo mtoto anavisikia mara mia kwa siku: kuwa, kwenda, kufanya, kusema, kuweka, kuja. Njoo yetu nayo imebaki kwa sababu hiyohiyo. Andé inapenya kwa kuwa watu wengi siku hizi wanasema caminé kwa maana hiyohiyo ya nilitembea, anduve hawaisikii vya kutosha.

#22 Mlezi_wa_Bibi
Bibi yangu akisikia andé inapenya hatalala.

#23 Kijana_wa_Pemba_ya_Msumbiji
Kireno nacho hivyohivyo wakuu, fui, foste, foi, kwenda na kuwa. Na maneno yao tunayo tele, kama meza.

#24 Mjukuu_wa_Komredi
Meza si ya Kihispania? Mesa?

#25 Kijana_wa_Pemba_ya_Msumbiji
Wahispania wanayo pia, lakini pwani yetu walikaa Wareno. Meza, bendera, leso, mvinyo, gereza, zote zilishuka na Wareno.

#26 PadriMstaafu
Mkitaka udugu wetu na Kihispania, utafuteni kwa Waarabu. Azúcar na sukari. Alcalde, meya wao, na kadhi wetu, ni neno moja. Na lile ninalolipenda: hasta na hata. Zote ni hatta ya Kiarabu. "Hasta mañana", hata kesho. Wazee wa pwani husema bado "tangu asubuhi hata jioni".

#27 Mwana_Bukavu
Salamu wandugu. Niko Bata, Ginekweta, nafanya biashara ya vipuri. Mnaongea kama vile Kihispania kiko ng'ambo tu. Huku ni lugha rasmi tangu uhuru wao wa 1968, na kabla. Wafang na Wabubi ni Wabantu kama sisi, na hiyo fui yao wanaisema bila shida. Mimi sikusoma kwa meza wala daftari. Nilikaa dukani, mteja akiingia namuuliza: ulileta? uliweza? uliweka wapi? ¿Trajiste? ¿Pudiste? ¿Dónde lo pusiste? Baada ya mwaka nilijikuta nasema. Hizo familia za U na J nimezijua leo kwenu.

#28 BintiKisauni
Mwaka mzima kaka! Mie kwa mbuzi ya nazi nilimaliza Ramadhani moja.

#29 Mwana_Bukavu
Ndiyo dada, lakini ukifika huku mteja akikuuliza haraka, utatafuta mlango wa jikoni?

#30 Barafu_Camp
Hapo kaka wa Bata amenena. Jedwali halikai mdomoni mpaka kuwe na mtu anayesubiri jibu. Mimi hadi leo nawaambia wanafunzi wangu: kila usiku kabla ya kulala, mweleze mwenzako siku yako kuanzia kuamka. Ukikwama kitenzi, hapo ndipo ufungue daftari.

#31 Msafiri_Kigoma
Na mwenzako asipojua Kihispania?

#32 Barafu_Camp
Mweleze hivyohivyo. Mke wangu sasa anaelewa "me levanté" mpaka "me acosté".

#33 Mpagazi_wa_Machame
Nimewasikia wote na nimepata zaidi ya nilichoomba. Familia, mkazo, Kilatini, duka la Bata, sijui ipi ndiyo dawa, nimeamua kuzinywa zote. Jana usiku nilifanya kama kaka Barafu alivyosema. Niliandika kwanza jinsi nilivyokwenda sokoni, dereva asije, nikatembea hadi kituoni, na vijana wawili wakanisaidia mizigo, kisha nikamsomea mdogo wangu. Nikosoeni:

"Ayer fui al mercado de Kilombero. Hice la compra del grupo, puse las cajas en el suelo y esperé. El conductor no vino. Anduve hasta la parada, pero no pude con el peso. Dos muchachos me ayudaron y trajieron las cajas. Cuando llegué a casa eran las nueve y llovía."

#34 Mlezi_wa_Bibi
Nimemsomea bibi. Ameng'ang'ania nimwandikie kijana wa mlimani kwamba "anduve" yake ni nzuri sana.

#35 BintiKisauni
Trajeron. Familia ya J inaangusha i. Rudi #2. Mengine yote safi, na "eran" na "llovía" umechagua vizuri.

#36 DktVijijini
Mie ningesema "caminé hasta la parada".

#37 Mlezi_wa_Bibi
Daktari, hilo simsomei bibi.